Sumaku Haishiki Alumini

Reino Ylitalo alikuwa na imani moja tu isiyoyumba, nayo ilikuwa sumaku. Kanisani alikwenda kukiwa na mazishi, tena kwa ajili ya kahawa ya baada ya mazishi. Siasa aliwaachia wenye mapafu ya kubishana. Lakini sumaku aliiamini. Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza katika kiwanda cha mgodi, pale ambapo jiwe lililosagwa likawa tope hupitishwa juu ya mapipa makubwa ya sumaku, chuma kikang'ang'ania, na kisicho chuma kikaenda zake na maji. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mapipa hayo na kuhakikisha kwamba cha kushika kimeshika. Mtu akiifanya kazi hiyo tangu ndevu hazijaota mpaka zimekuwa nyeupe, huanza kuona kwamba dunia nzima iko hivyohivyo: kinachokuhusu kitakushika, kisichokuhusu kitapita, na wewe huna haja ya kufungua mdomo.

Nadhani ndiyo maana hakuwahi kumwambia Zofka Mohar chochote.

Zofka alikuwa jirani yake wa ua kwa ua, mjane, mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee pale mjini, mwanamke mwenye nyonga moja mbovu na ulimi mzima. Babu zake walitoka Slovenia kuja kuchimba chuma kaskazini mwa Minnesota, kama vile babu zake Reino walivyotoka Ufini kuja kuchimba chuma hichohicho, na tangu siku hiyo Waslovenia wa mji ule wanawacheka Wafini kwa kutosema, nao Wafini wanawacheka Waslovenia kwa kutonyamaza. Zofka alitoka kwenda kazini kabla jua halijachomoza. Na Januari ya kule, wakati huo wa asubuhi, oili ndani ya injini inakuwa nzito kama asali iliyosahauliwa kabatini, na gari likiwashwa linaguna, linakohoa, halafu linanyamaza kabisa. Kwa hiyo watu wa kule huzipasha injini zao usiku kucha. Magari mengi huwa na hita yake ndani ya injini, na waya unaotokeza mbele ili uchomekwe ukutani. Gari la Reino lilikuwa nayo. Gari la Zofka lilikuwa limeletwa kutoka majimbo ya kusini, ambako watu hawajui hata theluji ina rangi gani, kwa hiyo Reino alijua, bila kuuliza, kwamba halina.

Ndipo alipokuja na hita ya sumaku. Ilikuwa kitu cha ukubwa wa sahani ya chai, chenye mpini na waya. Unalala chini ya gari, unaibandika kwenye sampu, lile bakuli la bati linalobeba oili chini ya injini, unachomeka waya, basi. Kuitoa hakutaki fundi. Asubuhi Zofka aliuvuta waya tu, hita ikaanguka. Kuibandika ndiyo kazi, maana nyonga yake isingemruhusu kulala chini ya gari. Kwa hiyo kila jioni ya baridi Reino alivuka ua na hita kwapani, akatandika kipande cha boksi sakafuni mwa banda la gari, palipoganda barafu, akalala chali, akajisukuma ndani.

Alikuwa na mazoea ya kufumba macho akiwa huko. Kutu na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huanguka usoni, na isitoshe jioni za kule ni giza tupu, na mkono wake ulikuwa unaijua njia. Aliinua hita, akasikia sumaku ikiruka yenyewe kutoka mkononi na kujipiga kwenye bati, tak! Halafu hakutoka. Alibaki pale kidogo, macho yamefumbwa, bati linaanza kupata joto juu ya kifua chake, na ndoto zikamjia kama ng'ombe wanaojua zizi lao. Mara aliliota lile ziwa lililojaa kwenye shimo la mgodi wa zamani, maji ya buluu yasiyo na mwisho, na miti chini yake ikiwa bado imesimama. Mara aliota mji ukihamishwa, kama bibi yake alivyomsimulia, wakati kampuni ilipogundua kwamba chuma bora kuliko chote kilikuwa chini ya vitanda vya watu: nyumba zikang'olewa, zikawekwa juu ya magogo, zikabingirika taratibu barabarani na moshi ukitoka kwenye bomba, na mama mmoja dirishani akiendelea kumenya viazi. Ndoto hii ya nyumba zinazotembea ndiyo aliyoipenda zaidi, na kulikuwa na sehemu yake moja ambayo hangemwambia mtu.

Baada ya hapo aligonga mlango wa jikoni. Akanawa mikono. Zofka akammiminia kahawa, akamkatia kipande cha mkate wake wa kuviringishwa wenye njugu za kusaga na asali, akazungumza. Reino alisikiliza. Kikombe kikiisha, alisema, "Haya," akaenda kwake.

Tuseme ukweli, kwa kuwa mwenyewe hakuwa akiusema: alimpenda. Alimpenda mpaka alikuwa akikichukia kiangazi. Watu wote wa mji ule huhesabu wiki za kungoja theluji iyeyuke, yeye alikaa kibarazani Julai nzima, mbu wakimla, akiitamani baridi. Maana katika mji ule Mfini haendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu ati anatembea. Anakwenda kuazima msumeno. Anakwenda kurudisha msumeno. Anapeleka samaki. Akienda bila kitu, watu wa nyumba ile huinuka kwa hofu wakiuliza nani kafa. Na Reino alikuwa na kitu kimoja tu cha kumpelekea Zofka kila jioni bila kuonekana mpumbavu, nacho kilikuwa ile hita.

Sasa, chumvi haina rafiki. Mwisho wa Oktoba Zofka aliona doa jeusi sakafuni mwa banda la gari, kesho yake doa likawa limezaa. Reino alilala chini, akapapasa, akatoka na vidole vyeusi na vipande vya kutu kama maganda ya kitunguu. Sampu ilikuwa imeoza. Zofka akampigia simu mwanawe Rudi aliyeko Minneapolis, na haikupita wiki boksi likafika.

"Njoo uone alichotuma mwanangu," Zofka alisema jioni ile Reino alipoingia na hita yake kwapani, kwani baridi ya kwanza ilikuwa imeshapiga hodi.

Juu ya meza ya jikoni, katikati ya bakuli la sukari na vikombe, ilikaa sampu ya alumini. Ilikuwa nene, nyeupe kama maziwa yaliyoganda, na chini yake ina mifereji ya kupoza oili. Reino aliinyanyua.

"Nyepesi," alisema.

"Wepesi ni kosa?"

"Kwenye mkate, si kosa."

"Wee Mfini wewe! Kitu kizuri kimekuja mezani, umeanza kukinunia. Rudi anasema haiozi. Chumvi itairamba mpaka ulimi uichoke."

"Haiozi," Reino alikubali. Alikuwa anaipenda kazi nzuri, na ile ilikuwa kazi nzuri. Kingo zilikuwa zimenyooka, matundu ya boliti yamekatwa kwa adabu. Aliigeuza kifudifudi, na kwa mazoea tu, kama vile mtu anavyomgusa farasi mgeni shingoni, akaibandika hita juu yake.

Hita iliteleza. Ikapita kwenye mifereji, ikaanguka mezani kwa kishindo, sukari ikamwagika.

Reino aliiokota. Akaibandika tena, safari hii polepole, kama anamfundisha mtoto. Hita ikakaa kidogo kwa heshima, halafu ikateleza.

"Haishiki," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeambiwa jambo la msiba. Angeweza kulijua hilo. Alilijua! Maisha yake yote ya kazi alikuwa akitenganisha kinachoshika na kisichoshika. Lakini kuna mambo ambayo mtu anayajua kichwani na hayajamfika tumboni, na hili lilimfika tumboni pale mezani pa Zofka.

"Rudi kalifikiria hilo," Zofka alisema. Kutoka kwenye boksi akatoa kitu cheusi kama kipande cha mpira, chembamba, chenye waya mrefu. "Hii inabandikwa mara moja kwa gundi yake, haitoki tena. Waya unaletwa hapa mbele. Kasema nitachomeka mwenyewe nikiwa nimesimama wima. Kasema nisimsumbue mzee wa watu."

Alipokuwa akiyasema hayo alimtazama Reino. Reino alikuwa anaitazama alumini.

"Mzee wa watu," alirudia.

"Ndivyo alivyosema yeye. Mimi sijasema." Zofka alianza kuzoa sukari kwa ukingo wa kiganja, akaizoa mahali palepale mara mbili. "Wewe ndiye fundi hapa. Niambie, ni nzuri au si nzuri? Ukisema mbaya, namrudishia kesho."

Hapo ndipo shetani alipovuta kiti akaketi. Kulikuwa na neno la kusema, tena la kweli: alumini ikipigwa na jiwe hupasuka, pale ambapo bati lingebonyea tu. Fundi yeyote wa kaskazini angelisema akatikisa kichwa, na hakuna ambaye angemshangaa. Zofka angenunua sampu ya bati, ioze tena baada ya miaka, na jioni za Reino zingebaki zake. Lakini Zofka hakuendesha porini. Aliendesha barabara ya lami mpaka kwenye nyumba ya wazee na kurudi, barabara iliyojaa chumvi. Reino alifungua mdomo, na ulimi uliozoea kulala ukamsaliti kwa kusema kweli.

"Ni nzuri," alisema. "Ni nzuri kuliko ya zamani."

"Haya," Zofka alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kidogo. "Basi Jumamosi."

"Jumamosi."

Alimaliza kahawa yake. Mkate aliuacha nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea, na Zofka aliuona ule mkate kwenye sahani kwa muda mrefu baada ya mlango kufungwa.

Jumamosi theluji ya kwanza ilianguka. Haikuwa ile ya kuchapa. Ilikuwa ile ya kuanguka kama inafikiria jambo jingine. Reino aliliinua gari bandani, akaliweka juu ya stendi nne za chuma, akalitikisa kwa nguvu zake zote kuona kama litamwua, likakataa kumwua, akatandika boksi lake. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Zofka alikuwa anauvuta unga wa mkate wa njugu juu ya meza, ule unaovutwa mpaka uwe mwembamba kama kitambaa, ufunike meza nzima, na alikuwa akiimba kwa sauti ya puani wimbo ambao maneno yake Reino hakuyajua.

Alifungulia oili, ikashuka kwenye beseni, uzi mweusi mrefu usio na haraka. Alilala akiitazama. Nje ya banda mji ulikuwa umezimwa sauti; hakuna gari, hakuna mbwa, theluji tu ikishuka mbele ya mlango. Alifungua boliti moja moja, nyingine zikatoka kwa hiari, nyingine zikalia. Kila moja aliiweka kwenye kopo, na kila moja ilipogonga kopo alihisi kwamba kuna jioni imedondoka humo. Anajipalia makaa mwenyewe, tena kwa mikono yake, tena kwa ustadi. Sampu ya zamani iligoma mwisho kabisa, imeshikiliwa na gundi ya kiwandani. Aliigonga pembeni kwa nyundo ya mpira, akaingiza kisu cha kukwangulia, akaizungukia kwa subira kama mtu anayefungua barua ya serikali. Ikaachia. Alipoishusha kifuani, bati lile bovu lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. Kutu ilikuwa imekula karibu nusu yake. Alikaa nalo hivyo kwa muda, juu ya kifua, kama mtu anavyomlaza paka mzee.

Halafu ikaja kazi ya kukwangua. Mahali sampu inapokutana na injini panatakiwa pawe safi kama sahani ya mgeni, la sivyo gundi mpya haitashika na oili itavuja. Kukwangua huko hakufanyiki kwa kupapasa. Alivaa miwani yake ya kiwandani, akavuta taa ya waya, akaitundika, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuingia chini ya gari la Zofka, Reino Ylitalo alilala pale macho wazi.

Tumbo la gari lilikuwa la ajabu. Kutu ya kila rangi, ya chungwa, ya kahawia, ya zambarau. Matone ya oili yaliyoshikilia mwanga wa taa. Mabomba yakienda na kurudi kama mito inayoonekana kutoka juu sana. Alizama humo. Kisu kilikwenda na kurudi, Zofka aliimba, na Reino akawa anaelea juu ya nchi ile ya kutu bila uzito, akipita juu ya mabonde yake. Ndipo akaona ua limechanua.

Lilikuwa jekundu. Lilikuwa kando ya mahali sampu ilipokuwa, upande wa kushoto, kwenye chuma kinachokatiza, nalo lilikuwa linaning'inia karibu na mkono wake. Alilitazama bila kushangaa, kama tunavyoona vitu ndotoni. Alipolipangusa kwa kidole, uchafu ulitoka, na wekundu ukawa mkali zaidi. Halikuwa ua. Ulikuwa uzi wa sufu, uliofungwa shada la masikio mawili, kama la kamba za kiatu cha mtoto. Na kilichofungwa na ule uzi kilikuwa waya.

Aliufuata ule waya kwa vidole. Ulipanda, ukapita nyuma ya bomba, ukaingia kwenye injini yenyewe. Aliufuata upande wa pili. Mwisho wake ulikuwa na plagi ya pini tatu, imefunikwa kwa kifuniko chake cha mpira, safi. Gari la Zofka lilikuwa na hita ndani ya injini. Lilikuwa nayo siku zote.

Kwanza aliona aibu ya fundi, ambayo inawaka masikioni. Halafu akaacha kukwangua, kwa sababu alifikiria lile shada. Hakuna fundi anayefunga waya kwa shada. Fundi hufunga kwa kamba ya plastiki na kuikata mkia. Kuna mtu aliyekaa akachagua uzi. Reino alilala akilitazama lile shada, na ndani ya kifua chake kitu kikaruka na kujipiga mahali, tak, kikang'ang'ania.

Ungedhani angetoka mbio. Hukumjua. Alimaliza kukwangua. Alipangusa kingo zote kwa kitambaa chenye spiriti. Akapaka gundi ya silikoni, mstari mmoja usiokatika, akizunguka kila tundu. Akainua sampu ya alumini kwa mikono miwili, akaiweka mahali pake. Akaingiza boliti zote kwa vidole kwanza, halafu kwa ufunguo wa boliti, akianzia katikati na kuvuka upande hadi upande, kidogo kidogo, ili pasibanwe mahali pengine kuliko pengine. Hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Lakini macho yake hayakuondoka kwenye uzi mwekundu, na hita ya mpira aliyoituma Rudi hakuigusa.

Wimbo ulikatika. Viatu vya sufu vya Zofka vikaingia bandani, vikasimama kando ya gari, kimoja kikiwa na unga.

"Uko hai?" Zofka aliuliza.

"Niko."

"Kahawa iko tayari. Mkate uko jikoni unapikwa. Umefika wapi?"

"Nimefunga. Sasa inangoja gundi ikauke."

"Basi toka, unangoja nini wewe?"

Reino hakutoka. Kuna maneno ambayo Mfini anaweza kuyasema akiwa chini ya gari tu, akizungumza na viatu.

"Zofka," alisema. "Gari lako lina hita."

Kiatu chenye unga kilisogea nyuma kidogo. Theluji iliendelea kushuka mlangoni.

"Ahaa," Zofka alisema mwishowe.

"Ahaa nini?"

"Ahaa, hatimaye macho yameona."

"Ulikuwa unajua?"

"Nisijue gari langu? Sijui wewe unanionaje! Gari lilitoka kusini, lakini aliyeniuzia ni mtu wa hapahapa. Unadhani angemuuzia mjane gari bila hita, halafu akutane naye dukani? Aliitia kabla sijalichukua."

"Na hukusema."

"Nikuambie nini? Mtu kaja hajaitwa, baridi inakata masikio, kabeba dude lake kwapani, kalala kwenye barafu kwa ajili yangu. Nimfungulie dirisha nimwambie, ahsante, rudi nyumbani kwako?"

Reino alifikiri. "Kwa hiyo ukauficha."

"Niliuficha?" Kiatu kilipiga sakafu, unga ukaruka. "Reino Ylitalo! Mtu huficha kitu kwa uzi mwekundu? Mwanzo niliuacha tu nikisema atauona mwenyewe, ni fundi. Hukuuona. Baridi iliyofuata nikafungua boneti, na nyonga yangu hii, nikausukuma ushuke mpaka chini, palepale mkono wako unapopita. Hukuuona! Basi nikaufunga uzi, nikatafuta mwekundu kuliko wote nilionao, nikaufunga na shada. Mwanamke afanye nini zaidi, apige tarumbeta? Hata kijana wa kubadilisha oili kule mjini aliniuliza, mama, hili pambo ni la nini? Mji mzima unajua nina hita, isipokuwa mtu mmoja, naye ndiye anayelala chini yake kila jioni!"

Alivuta pumzi. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Nilidhani umeuona. Kila ukiingia jikoni nilikuangalia usoni. Nikasema, leo kauona. Anajua sihitaji sumaku yake, na anajua namwacha aje. Kisha unakunywa kahawa, unasema 'haya,' unaondoka. Nikafika mahali nikasema, kauona, na hataki. Na juzi pale mezani nilikupa nafasi tena. Ungesema tu sampu ni mbaya. Ukasema ni nzuri."

"Ni nzuri," Reino alisema.

"Najua ni nzuri!"

Alijisukuma akatoka. Alikaa sakafuni, miwani imepanda kwenye paji la uso, oili mpaka kwenye nyusi. Zofka alikuwa amefunga mikono kifuani na macho yake yalikuwa na maji, naye hakujishughulisha kuyafuta.

"Nilikuwa nafumba macho," Reino alisema.

"Kwa nini?"

"Kutu inaanguka."

"Kutu!"

"Na nilikuwa naota."

Zofka alimtazama kama mtu anayesikia redio ikizungumza lugha yake kwa mara ya kwanza. "Unaota nini chini ya gari langu?"

Reino aliitazama mikono yake. Sehemu ile ambayo hangemwambia mtu ilikuwa imefika ulimini, na hapakuwa na gari tena juu yake la kujifichia.

"Nyumba zinahamishwa kwenye magogo," alisema. "Kama zamani. Zinapita barabarani. Na jiko lako nalo limo. Linakuja polepole, taa inawaka, wewe umo ndani na birika linachemka. Linapita ua. Linakuja mpaka linagusa la kwangu." Alijipangusa kidole kimoja kwenye suruali. "Linakaa hapo. Halirudi."

Zofka hakusema kitu kwa muda, na kwa Mslovenia wa mji ule huo ni muda mrefu.

"Kila jioni?" aliuliza.

"Karibu kila jioni."

"Mwanamume analala kwenye barafu, macho kayafumba, anaota jiko, na jiko lenyewe liko hapo mlangoni." Alicheka, na kicheko kilitoka na kilio ndani yake. "Na mimi niko humo ndani nimeshika kikombe, naomba Mungu ayafumbue. Wazee wazima sisi!"

Harufu ya njugu na asali ilikuwa imeanza kujaa bandani. Zofka alijifuta kwa kona ya aproni, akajitia unga shavuni, akakohoa.

"Hiyo gundi inakauka lini?"

"Kesho. Kesho ndipo nitakapotia oili."

"Kwa hiyo leo jioni hakuna cha kupasha."

"Hakuna."

"Na kesho nitachomeka waya wangu mwenyewe. Sitaki hata hiyo hita ya Rudi."

"Utachomeka mwenyewe."

"Basi utakuja kufanya nini?"

Reino alitazama pande zote. Kulikuwa na taa, kulikuwa na kopo la boliti, kulikuwa na beseni la oili chafu la kumwagwa. Kila kimoja kingemtosha kuvuka ua wiki nzima, kukileta na kukirudisha. Alikuwa bado ameshika ufunguo wa boliti. Aliuweka sakafuni.

"Sina sababu," alisema. "Nataka tu kuja."

"Neno njoo huambiwa aliyeondoka," Zofka alisema, akausukuma mlango wa jikoni kwa mgongo mpaka ukafunguka wote. "Wewe ingia."

Reino akainuka, akaingia mikono mitupu, michafu mpaka kwenye viwiko.